Hapa Tunashukuru Tu

Nilifika katika nchi hii ya watu nikiwa na sanduku moja, magoti mawili mabovu na mwaliko wa miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo sasa inakaribia kumi na moja.

Binti yangu anaishi ghorofa ya tano. Lifti ipo, tena ni nzuri sana kwa kutazama. Mlangoni pake imebandikwa karatasi ya kuomba radhi, na karatasi yenyewe imekaa mpaka imebadilika rangi. Basi siku ile nilipanda kwa miguu, nikipumzika kila ghorofa, na kila ghorofa binti yangu ananiambia, "Mama, tushukuru tuna pa kulala." Nikamwambia nitashukuru nikifika.

Nilikuja kulea mjukuu. Mtoto huyu alizaliwa nyayo zimegeukia ndani, zinatazamana kama watu wanaosengenya. Walimfunga plasta ngumu, wakazitoa, wakamvisha viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Daktari wa miguu, mwanamke mfupi ambaye sijamwona akicheka, alituambia kupitia kinywa cha binti yangu: viatu hivi asivue ovyo, na kila mwezi nimwone mimi mwenyewe. Mkikatiza sasa, miguu itarudi ilikotoka. Baba wa mtoto yuko nyumbani anasubiri karatasi zake za kusafiri. Ni msubiriji hodari. Anapiga simu kila Jumamosi kutuambia bado anasubiri.

Binti yangu alikuwa anafanya usafi katika jengo la ofisi. Ghorofa kumi na mbili, na vyoo sijui vingapi. Akiondoka alfajiri mimi nabaki na mtoto, nafua, napika, nazungumza na ukuta. Ukuta wa hapa ni mstaarabu, haukatizi mtu.

Na kila Jumapili alasiri tulikwenda kikundini.

Kikundi ni cha watu wa kwetu, wanaosali pamoja sebuleni kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti ni mama wa makamo, kule nyumbani alikuwa mwalimu, na ualimu haujamtoka mpaka leo. Huku anakunja mashuka katika hoteli, ila ukimwuliza atakwambia yuko "katika mambo ya utalii". Ukutani kwake amebandika karatasi kubwa yenye mwandiko wa ubaoni: HAPA TUNASHUKURU TU. Maana yake ni hiyohiyo. Kila mtu anasimama, anatoa shukrani tatu, anakaa. Kuomba hakuna, kwa sababu kuomba ni kukiri kwamba hujapewa. Kulalamika ndiyo usiseme kabisa. Atakayelalamika anaosha vikombe vya wote.

Jumapili yangu ya kwanza nilisema baridi ya hapa inaniuma mifupa. Nikaosha vikombe kumi na vinne.

"Bibi, usichukulie vibaya," Mwenyekiti alinifuata mpaka jikoni. "Ukitamka kukosa, unakaribisha kukosa. Shukuru kana kwamba umeshapata. Ndiyo imani hiyo."

"Kwa hiyo niseme nasikia joto?"

"Sema kwa imani."

Nikamshukuru kwa somo. Mimi niliishia darasa la tatu, mambo ya darasa la nne yanaweza kunipita.

Basi ikawa hivyo kila Jumapili. Fundi Bomba, mwanamume mnene mwenye roho nzuri, anasimama kwa kushika kochi, jasho linamtoka kwa maumivu, anasema, "Namshukuru Mungu kwa mgongo mzima." Amina, tunasema. Mpishi, dada mmoja anayesimamia jiko la nyumba ya kutunzia wazee, anasimama na plasta kwenye vidole vitatu, macho mekundu, anasema, "Nashukuru kwa timu kamili jikoni." Amina. Kisha anakaa na kusinzia kabla wimbo haujaisha. Siku moja alikuja na kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili. Tulimshukuria pia.

Sikucheka. Watu walio mbali na kwao kila mmoja anajishikilia kwa kamba aliyoipata. Ila nilikuwa najiuliza kama Mungu naye anakaa pale anasikiliza, anageuka kuwauliza malaika, "Hawa mbona wana kila kitu? Hebu niwaendee wengine."

Sasa nije kwenye sare.

Sare ya binti yangu ni ya buluu, na nilikuwa naifua kwa mkono ndani ya beseni la kuogea. Mashine ipo, lakini ina tabia za lifti. Sare ile ilikuwa inarudi na magoti meusi, inanuka dawa ya sakafu mpaka macho yanawasha. Halafu ikafika siku nikailoweka, nikaisugua, nikaikamua, na maji yakabaki vilevile kama yalivyotoka bombani. Nikasema leo alipewa kazi nyepesi. Kesho yake vilevile. Wiki nzima vilevile.

Sikuuliza. Watu husema mimi nina subira. Ukweli ni kwamba nikiuliza mapema naambiwa uongo, nikingoja naambiwa ukweli, na mimi sipendi kazi ya mara mbili. Nikaendelea kuifua ile sare safi na kuianika. Yeye akaendelea kuivaa, anaaga saa ileile, anarudi saa ileile.

"Kazi ilikuwaje leo, mwanangu?"

"Tunashukuru, Mama."

Na Jumapili akasimama mbele za watu, akasema, "Namshukuru Mungu kwa kazi nzuri aliyonipa." Amina! Mwenyekiti akampigia makofi. Mpishi, aliyekuwa amekaa naye kochi moja, akamwambia, "Hongera, shoga, shikilia hapohapo."

Siku ya kliniki ya mtoto nilikwenda mwenyewe, maana binti yangu "hakupata ruhusa". Njia nilikuwa nimeshaijua, na maneno yote ya kumwambia daktari aliniandikia kwenye karatasi. Tulipomaliza, mvua ikatukamata, nikaingia na kigari cha mtoto katika ukumbi wa kusubiria wa kituo cha mabasi. Benchi la mwisho, karibu na mashine ya kahawa, alikuwa amekaa mwanamke mwenye sare ya buluu. Mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba, anatazama sakafu. Basi linakuja, linaondoka, yeye haondoki.

Nilisimama pale kitambo. Mtoto alikuwa amelala. Nikageuza kigari, nikatoka kwenye mvua.

Nikangoja tena siku sita. Hapo sasa subira yangu ilikuwa inanikera hata mimi. Jumanne aliporudi alikuta sare yake ya akiba imekunjwa mezani, juu ya sahani yake.

"Mama, hii vipi?"

"Leo sikuifua. Haina cha kufua."

Alikaa. Akanieleza yote. Kampuni yao ilinyang'anywa mkataba wa lile jengo, wakaachishwa wote siku moja, watu thelathini na nane. Sheria ya hapa inampa mgeni siku sitini atafute mwajiri mwingine, na huyo mwajiri aandike barua. Akikosa, afungashe. Zilikuwa zimeshapita thelathini na tisa. Kila asubuhi alizunguka kubisha milango, na milango ikiisha, anakaa kituoni mpaka saa ya kurudi ifike.

"Zimebaki ishirini na moja," alisema. "Na mtoto, Mama? Miguu ya mtoto?"

Nilimsogezea chakula. Hakula.

"Mbona hukuwaambia wa kikundi? Wale si wana kazi sehemu mbalimbali?"

"Nitawaambiaje? Kule hatuombi. Mwenyekiti anasema ukitamka—"

"Umekaribisha. Najua, nilifundishwa."

"Mimi nashukuru kwa imani, Mama. Kana kwamba nimeshaipata. Itakuja."

"Itakuja kituo cha mabasi?"

Akalia. Nami nikajuta, kidogo. Ulimi wangu una haraka, subira yangu haijawahi kuufikia. Alipojifuta uso alinishika mkono akaniapisha: nisimlalamikie mbele za watu, nisimwaibishe, nisiwape maneno.

Nikaahidi sitalalamika. Hilo niliahidi kwa moyo mweupe kabisa. Kushukuru hakukutajwa.

Siku zile nne zilizofuata alibisha kwenye kiwanda cha mikate, kwenye duka la maua, kwa daktari wa mbwa. Kote waliandika jina lake na kumwambia watampigia. Simu ikawa inaangaliwa kuliko mtoto. Mimi nilisali. Nilimwambia Mungu mambo kama yalivyo, kwa sababu kwetu tulifundishwa kumwambia kama yalivyo, hatukuwa na mwalimu wa kutusahihishia. Nilimwambia: hili limenishinda, na kama una mpango, mimi sijauona, na unajua macho yangu. Nilikuwa namwamini. Nilikuwa nimemkasirikia pia. Yote mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Jumapili ikafika. Siku kumi na sita.

Shukrani zilianza kwa Mwenyekiti mwenyewe, akashukuru kwa afya, kwa amani na kwa uongozi bora wa kikundi. Fundi Bomba akashukuru kwa mgongo. Mpishi akashukuru kwa timu kamili, akapiga miayo katikati ya neno "kamili". Binti yangu akasimama, akashukuru kwa kazi nzuri, sauti nyembamba kama uzi, akakaa. Ikawa zamu yangu.

Nikampa Fundi Bomba ashike mtoto, nikasimama.

"Kwanza," nikasema, "namshukuru Mungu kwa sare ya binti yangu. Wiki ya sita hii haijapata doa. Sabuni yangu haiishi."

"Amina," wakasema. Binti yangu aliinua kichwa.

"Pili, nashukuru kwa benchi la kituo cha mabasi. Halina mgongo, lakini limembeba binti yangu kila siku tangu kampuni ilipomfukuza, na halijamtoza kitu."

Amina ya safari hii ilitoka kwa mtu mmoja tu, halafu naye akanyamaza.

"Mama," binti yangu akasema kwa sauti ya chini. "Mama, kaa."

"Bado ya tatu, mwanangu, kanuni ni tatu. Tatu, naishukuru serikali ya hapa. Ingeweza kutupa siku tano za kutafuta kazi, ikatupa sitini. Zimebaki kumi na sita. Baada ya hapo tutarudi nyumbani sote, na mtoto na viatu vyake, na miguu yake itarudi ilikotoka kama daktari alivyosema. Kwa hizo kumi na sita nashukuru moja moja. Amina."

Nikakaa.

Mwenyekiti alirekebisha miwani. "Bibi, samahani. Hiyo ni shukrani au ni lalamiko?"

"Wewe ndiye mwalimu. Sahihisha."

"Kwa sababu ikiwa ni lalamiko—"

"Hebu ngoja kwanza!" Mpishi alikuwa ameamka kabisa, amemgeukia binti yangu. "Shoga, wewe si hapa hapa umeshukuru sasa hivi? Kazi nzuri, kazi nzuri, kila wiki?"

Binti yangu alikuwa amefunika uso. "Nilishukuru kwa imani."

"Huna kazi?"

"Sina."

"Tangu lini?"

"Wiki sita."

Mpishi akasimama. Nilidhani anataka kutoka. Akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyekosa usingizi. "Mimi nimeachwa na watu wawili siku moja! Wazee sitini na wanne, chakula mara tatu kwa siku, niko mimi na dada mmoja ambaye anaogopa kisu! Wiki saba! Natafuta mtu mpaka nimebandika tangazo kwenye duka la dawa!"

"Lakini timu kamili?" Fundi Bomba akauliza. "Si ulisema timu kamili?"

"Kwa imani!" Mpishi akafoka. "Kwa imani, mzee wangu! Kama mgongo wako!"

Fundi Bomba akatafakari hilo. "Mgongo wangu," akasema polepole, akimpangusa mjukuu wangu mate, "unaniua."

Basi mlango ukawa umefunguka. Msusi aliyekaa dirishani, ambaye tangu nimjue hushukuru kwa ndoa yenye furaha, akasema mume wake ana mwezi hajamsemesha. Mmoja akasema nyumba yake ina panya. Mwingine akasema anatamani kurudi nyumbani lakini anaona aibu, aliagwa kwa sherehe. Mwenyekiti anagonga meza kwa kalamu: "Utaratibu, jamani! Utaratibu!" Hakuna aliyemsikia. Mwishowe akaweka kalamu chini, akavua miwani, akasema hewani tu, "Mashuka mia mbili kwa siku. Mikono yangu haikunjuki." Halafu akatazama pembeni kama mtu aliyejikwaa mbele ya wanafunzi.

Vikombe vya siku ile sijui aliosha nani. Sisi tuliondoka.

Msidhani binti yangu alinikumbatia njiani. Alitangulia na kigari cha mtoto hatua ishirini mbele yangu, na mimi na magoti yangu nyuma. Mlangoni alinigeukia.

"Nilikuapisha."

"Uliniapisha nisilalamike."

"Mama, usinifanyie ujanja! Umenivua nguo mbele za watu!"

"Nimekuvua," nikasema. "Ulikuwa umevaa nguo ya uongo, nami ndiye niliyekuwa naifua."

Siku mbili alinihudumia kama mgeni wa hoteli: Mama, karibu chai, Mama, chumvi iko pale. Heshima tupu. Nilizistahili zote mbili, na nikamshukuru kwa chumvi.

Jumatatu lakini alikwenda kwa Mpishi kujaribiwa. Alimenya viazi vya watu sitini na wanne, akajikata mara mbili, akaambiwa na Mpishi, "Wewe si mpishi, lakini kisu hukiogopi, inatosha." Tukadhani yameisha. Kumbe mwenye kutia saini barua ni meneja wa nyumba ya wazee, na meneja alikuwa likizo. Bila shaka. Mtu ana mwaka mzima wa kupumzika, anachagua wiki zetu mbili. Atarudi Alhamisi ya wiki inayofuata.

Tukahesabu siku kwa vidole. Tulipokosana tulikuwa wawili tunaohesabu kila mtu peke yake, na tulipopatana ni kwa sababu tulipata hesabu tofauti, ikabidi tuulizane. Meneja alirudi zimebaki tano. Alisaini zimebaki nne, Ijumaa jioni, ofisi zikiwa zimeshafungwa. Jumatatu, siku moja mkononi, tuliamkia kwenye ofisi ya wageni: binti yangu, mimi, mtoto na barua ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mkoba ndani ya mfuko mwingine.

Namba yetu ilikuwa themanini na nane. Walikuwa wanahudumia ya kumi na mbili. Mtoto alilia, akalala, akaamka akalia tena. Tulipofika dirishani saa nane mchana, karani, kijana mwenye tai iliyolegea, alisoma barua mbele na nyuma, akatazama tarehe, akamtazama binti yangu. Maneno yao nilitafsiriwa baadaye, lakini uso wa karani haukuhitaji tafsiri.

"Mbona mmekuja siku ya mwisho? Siku sitini ulikuwa unafanya nini?"

Binti yangu akaanza kutabasamu. Tabasamu lile la Jumapili, nalijua. Nikaona meno yanajitokeza, kisha yakarudi ndani.

"Nilikuwa nakaa kituo cha mabasi," alimwambia. "Niliona aibu kusema sina kazi. Naogopa mkinirudisha, mwanangu hatatembea. Nisaidie."

Karani alipiga muhuri mara tatu, akachana kipande cha karatasi, akakisukuma chini ya kioo. Kibali cha muda. Anaruhusiwa kukaa na kufanya kazi mpaka jibu kamili litoke, miezi minne, labda mitano, labda wakisahau sita. Jibu lenyewe hakutuahidi, lakini mguu mmoja tulikuwa tumeshautia ndani ya mlango.

Tulitoka nje. Binti yangu akakaa kwenye ngazi za ofisi, katikati ya watu wanaopanda na kushuka. Nami nikakaa, taratibu, kwa awamu.

"Mama, sali," akasema. "Wewe unajua."

"Sali mwenyewe. Kinywa unacho."

Akafumba macho. Nilijiandaa kwa shukrani tatu.

"Mungu," akasema, "nimechoka."

Kisha ikawa kama bomba lililopasuka. Alimwambia juu ya ile kampuni, na msimamizi aliyewaaga kwa ujumbe wa simu. Alimwambia juu ya mume anayesubiri tu. Juu ya daktari wa mbwa, aliyempigia siku tatu baadaye kumwambia hapana. Juu ya usiku ambao alisikia mtoto akilia na hakutaka kuamka. Alimwambia anamwogopa yeye Mungu mwenyewe, kwamba pengine amemwacha hapa na kwenda zake. Alimwambia ana mama mwenye ulimi kama wembe, na kwamba bila huyo mama asingejua pa kuushika ulimwengu. Hapo nikajifanya natengeneza blanketi la mtoto. Alisema kwa muda mrefu, kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti, na watu wa nchi za watu wakapita wakitukwepa.

"Ni hayo kwa leo," akamalizia. "Asante umesikiliza. Kesho nitaleta mengine."

"Amina," nikasema, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Askari wa mlangoni akaja, akatuonyesha kwa mkono kwamba tunaziba njia, tuondoke kwenye ngazi. Tukamshukuru.